Eda ya Wizara

Nchi yetu ina amani, na watu wake wanaipenda serikali, na wasioipenda wanasaidiwa kuipenda. Jina lake sitalitaja, kwa sababu ninapoandika haya limepelekwa kufanyiwa matengenezo na hatujaambiwa litarudi lini. Mimi nakaa mtaa wa Vizingitini, mtaa wa zamani wenye nyumba za mawe na milango ya nakshi, na mengi ya haya nimeyaona kwa dirisha langu. Siongezi kitu. Kuongeza kitu kwenye mambo ya serikali yetu ni kukosa adabu, maana wenyewe wamekwisha kuyakamilisha.

Yalianza pale Mheshimiwa Shaali Mfaume, Waziri wa Urithi Endelevu, aliporudi kutoka safari ya nje. Huko alikokwenda alivalishwa miwani mikubwa, akatembezwa ndani ya jumba la makumbusho ambalo halipo. Aliona vyungu, akaona mifupa ya wafalme, akajikwaa kwenye kiti ambacho kipo, akaumia goti. Alirudi nyumbani na bandeji na maono.

"Ndugu wananchi," alisema uwanjani, "utalii unatula! Mgeni akishika mlango, mlango unapungua. Akikanyaga ngazi, ngazi inapungua. Akiutazama ukuta sana, nao ukuta unachoka! Kuanzia sasa mgeni atabaki kwao, sisi tutabaki kwetu, na urithi utakaa kwenye kompyuta, ambako hakuna mvua, hakuna mchwa, na hakuna wananchi."

Tulipiga makofi sana. Tulikuwa tumeletwa kwa malori kwa kazi hiyo.

*

Wataalamu walikuja mtaani kwetu asubuhi moja bila taarifa. Walisema wakitoa taarifa tutafagia, na tukifagia tutaharibu uhalisia. Mmoja alibeba mgongoni mashine yenye macho pande zote, na kila alikogeuka mashine ilipiga picha, juu na chini, mbele na nyuma, mpaka paka wa msikitini akaingia kwenye mtaro kwa aibu.

Sasa asubuhi hiyo Mwenyezi Mungu alikuwa ametukadiria mambo matatu. La kwanza, umeme ulikuwa umekatika. La pili, bomba la maji lilikuwa limepasuka na kufanya dimbwi katikati ya njia. La tatu, Mzee Jecha, muuza kashata wetu, alikuwa barazani ananyolewa, na kinyozi alikuwa amefika katikati. Kinyozi alipoiona ile mashine alisita, wembe ukiwa juu. Wakapigwa picha hivyo hivyo: wembe hewani, na kichwa cha Mzee Jecha upande mmoja uwanja, upande mwingine kichaka.

Kisha wakaingia kwa Bi Mwanamkasi bila hodi.

Bi Mwanamkasi ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Alikuwa amefiwa na mumewe, fundi Mbarouk, mchonga milango, na alikuwa ndani ya eda yake kama dini inavyotaka. Amevaa nguo nyeupe, amekaa kwenye mkeka ukumbini mwake, hatoki na wala haonwi na wanaume wa nje. Nilisikia sauti yake ikipasua ukuta.

"Nyinyi! Mna wazimu? Humu muna mjane!"

"Usiwe na wasiwasi, mama," akajibiwa, "mashine haina jinsia."

"Na wewe uliyeibeba?"

"Mimi nipo kazini."

Alichoweza kufanya maskini ni kujivutia kanga kichwani mpaka kifuani, asionekane hata pua, na kuinamisha uso. Akakaa hivyo mpaka walipotoka. Nao wakatoka wamefurahi, wanasema wamepata kitu.

*

Makumbusho Yasiyoguswa yalifunguliwa kwa sherehe kubwa. Mtu yeyote duniani aliweza kuvaa miwani nyumbani kwake na kutembea Vizingitini asubuhi ile. Mheshimiwa Shaali alipewa nishani na jumuiya moja ya mataifa, na kwa vile makumbusho yalikuwa ya kwenye kompyuta, nishani nayo ilikuwa ya kwenye kompyuta. Tulimwona kwenye televisheni akiinamisha shingo, anavishwa kitu kisichoonekana, na analia.

Likatokea jambo ambalo Wizara haikulitegemea. Wageni waliotutazama kwenye miwani walitupenda, na walipotupenda wakataka kuja. Wakaja, ndege kwa ndege.

Bibi mmoja mwenye kofia pana alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Mzee Jecha. Akatazama kishikwambi chake, akamtazama Mzee Jecha, akatazama tena kishikwambi, akaanza kulia.

"Amenyolewa kote," alisema.

"Ilikuwa lazima tumalize, mama," kinyozi akamwambia.

"Mimi nimevuka bahari kuja kumwona wa nusu!"

Malalamiko yakafika juu. Wiki haikwisha, likashuka agizo lenye sahihi ya Mheshimiwa, likabandikwa kwenye kila mlango wa nakshi kwa misumari: Pale ambapo mtaa na makumbusho vinatofautiana, makumbusho ndiyo sahihi, na mtaa utarekebishwa.

*

Aliyeletwa kuturekebisha aliitwa Bwana Pandu, Afisa Ulinganifu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na salamu nzuri na viatu safi, na kila asubuhi alipita na kishikwambi chake, anakitazama, anatutazama, anatusogeza.

Mzee Jecha alipangiwa kunyolewa nusu kila siku.

"Bwana Pandu, mke wangu siku hizi ananipa chai kwa mgongo," alilalamika.

"Vumilia, mzee wangu. Wewe ni kivutio cha taifa."

"Na nikifa?"

"Utaomba kibali."

Mafundi wa maji walipokuja kuziba bomba walikamatwa kwa kosa la kuhujumu urithi. Dimbwi likazungushiwa kamba na kuwekewa kibao, Dimbwi la Asili. Mifereji ya majumbani mwetu ilikuwa inatoa upepo tu, lakini jua likiwa kali na dimbwi likaanza kunywea, lilikuja gari la maji la serikali na kulijaza. Tulisimama madirishani na ndoo zetu kutazama. Dereva alitupungia mkono.

Umeme nao, kwa kuwa haukuwepo asubuhi ile, ulikatwa moja kwa moja. Ila hapo Mwenyezi Mungu alituachia mlango. Kishikwambi cha Bwana Pandu kilikuwa kinazimika kila adhuhuri, na Vizingitini hapakuwa na pa kukichajia. Tangu hapo mpaka jioni hakuna aliyejua tunatakiwa kufanana na nini. Mzee Jecha alikuwa anavaa kofia yake, sisi tunaanua na kuanika tunavyotaka, na Bwana Pandu mwenyewe alikuwa anakaa barazani na kula kashata mbili tatu, anazungumza kama mtu.

*

Sasa Bi Mwanamkasi alikuwa na jambo moja tu moyoni. Ana mtoto mmoja, Mwanaidi, aliyeolewa mtaa wa Gongoni, upande wa pili wa mji. Mwanaidi alikuwa mja mzito. Mimba mbili za mwanzo zilikuwa zimetoka, na hii ya tatu ilikuwa imeshika, na alikuwa amemwambia mamake waziwazi, "Mama, usipokuwepo mkononi mwangu, mimi sina nguvu hizo." Bi Mwanamkasi alikuwa amehesabu, akaona eda yake ya miezi minne na siku kumi itakwisha kidogo tu kabla mtoto hajafikia kuzaliwa. Akashukuru. Akakaa mkekani anashona vijinguo vidogo vidogo, na kila alipomaliza kimoja alinigongea ukuta.

Siku ya kutoka edani ilipofika tulikwenda wanawake wa mtaa mzima na maji ya kuogea, na udi, na nguo mpya ya rangi ya buluu. Tukamkuta Bwana Pandu amesimama mlangoni na walinzi wawili.

"Kuna nini tena?" nikamuuliza.

"Mjane hatoki, mama."

"Eda imekwisha, mwanangu. Leo ndiyo siku yake."

"Eda ya Mwenyezi Mungu imekwisha, hilo Wizara haipingi hata kidogo," alisema kwa upole. "Iliyobaki ni ya Wizara."

Akatuonyesha kishikwambi. Mle ndani Bi Mwanamkasi alikuwa amekaa mkekani na kanga yake kichwani, asubuhi ile ile. Tukaambiwa ndicho kitu kinachotazamwa zaidi duniani baada ya kichwa cha Mzee Jecha.

"Mpaka lini?" Bi Mwanamkasi akauliza kutoka ndani, nyuma ya pazia.

Bwana Pandu akainamisha kichwa. "Ndani ya makumbusho hakuna mwezi unaoandama, Bi Mkubwa. Wataalamu wamepiga hesabu, wameona hata siku ile yenyewe bado hujaimaliza."

Wanawake wakapiga kelele, na kelele zikafika mbali, mpaka Mheshimiwa Shaali akaja mwenyewe na msafara wake kutuliza hali. Gari lake lilizunguka dimbwi kwa heshima. Akasimama mbele ya pazia la Bi Mwanamkasi na kipaza sauti, ingawa ukumbi wenyewe ukinong'ona unasikika mpaka jikoni.

"Bi Mwanamkasi! Wajane katika nchi hii ni wengi, lakini mjane wa kidijitali ni wewe peke yako! Huzuni yako sasa ni mali ya umma. Marehemu mumeo, huko aliko, bila shaka anajivunia."

"Mume wangu alikuwa fundi, Mheshimiwa," sauti ikatoka. "Kazi ikimalizika alikuwa anaondoka."

"Taifa halimaliziki, mama!"

"Binti yangu anakaribia kuzaa. Ni mmoja tu."

Mheshimiwa akamtazama Bwana Pandu, na Bwana Pandu akatazama kishikwambi, akapekua chumba kwa chumba.

"Hakuna binti humu, Mheshimiwa," akasema.

"Unaona, mama? Tumeangalia. Hakuna binti."

Akaondoka. Tukarudi na maji yetu ya kuogea, yamekwisha kupoa.

*

Basi Bi Mwanamkasi akakaa, na wale walinzi wakakaa mlangoni usiku na mchana, maana wao hawazimiki adhuhuri. Kila asubuhi wageni walipita na kumtazama, na wengi walisifu jinsi anavyofanana. Alikuwa hasemi, kwa sababu kwenye picha hasemi. Mgeni mmoja alisema mabega yake yanatikisika, akauliza kama hilo limo kwenye makumbusho. Bwana Pandu alijibu kuwa ni upepo.

Kisha ikaletwa habari kutoka Gongoni. Miguu ya Mwanaidi imevimba na tumbo limeshuka. Kila mlango ukifunguliwa anauliza kama ni mama.

Adhuhuri hiyo kishikwambi kilipozimika, Bi Mwanamkasi alimwita Bwana Pandu karibu na pazia. Mimi nilikuwepo, nimempelekea uji.

"Bwana Pandu, mwanangu. Kwenye ile picha yako, uso wangu unauona?"

"Siuoni, Bi Mkubwa. Kuna kanga."

"Mikono?"

"Imo ndani ya kanga."

"Basi hao wageni wanamtazama nani?"

Bwana Pandu alifikiri mpaka jasho likamtoka. "Wanamtazama mjane," akasema.

"Basi tafuteni mjane, baba. Si lazima niwe mimi."

Alitoka mbio na viatu vyake safi, akapita katikati ya Dimbwi la Asili bila kuliona.

Wizara ililipokea wazo hilo kwa shangwe, kama inavyopokea kila wazo linalozaa cheo. Ikatangazwa nafasi ya Mjane Mkuu wa Taifa. Kazi yake ni kukaa mkekani asubuhi, na marupurupu yake ni gari na dereva, nyumba yenye bustani, na safari za nje kuhudhuria semina za kukaa. Mimi nilipeleka jina langu, nikaambiwa ujane wangu ni wa kienyeji mno. Kwenye usaili foleni ilifika mpaka sokoni, na wanawake wengine walikuwa wamesindikizwa na waume zao, wamewashikia mikoba.

Lakini Mheshimiwa alikuwa ameyasoma yale marupurupu kabla ya mtu yeyote. Mpishi wake ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo haya nimeyapata yangali ya moto. Alimwita mkewe, Bi Zaituni, mezani.

"Zaituni, nafasi hii ni yako."

"Mimi si mjane, Shaali. Wewe si huyo unakula?"

"Hilo ni jambo la kwenye kompyuta tu. Kuna mahali pameandikwa mume hai, mume marehemu. Unagusa, basi."

"Utajiua?"

"Kwa ajili ya taifa," alisema Mheshimiwa na kujipangusa mdomo, "nipo tayari kufa kidogo."

Akagusa kwa kidole chake mwenyewe, na kwa kidole hicho hicho akaidhinisha. Bi Zaituni akaletwa Vizingitini kesho yake na gari jipya. Alivalishwa nguo nyeupe, akakalishwa mkekani, akafunikwa kanga. Bwana Pandu akatazama kishikwambi, akatazama mkeka, akasema, "Sawasawa kabisa."

Na Bi Mwanamkasi akatoka. Hatukungoja asogezwe tena. Tulimwogesha kwangu, tukamfukiza udi, tukamvika ile nguo ya buluu, na tukampakia kwenye bajaji na fuko lake la vijinguo. Alifika Gongoni uchungu umekwisha kuanza. Mwanaidi alimshika mkono na hakuuachia mpaka alasiri, mtoto alipolia. Ni msichana. Alhamdulillahi.

*

Asubuhi ya pili yake Mheshimiwa Shaali alikwenda kazini. Mlango wa Wizara unafunguka kwa kidole, maana ni Wizara ya kisasa. Akaweka kidole, mlango ukakataa. Akakipangusa, akaweka tena.

"Mashine inasema wewe ni marehemu, Mheshimiwa," mlinzi akamwambia.

"Huoni nimesimama mbele yako?"

"Nakuona vizuri sana. Lakini pale ambapo mtu na mashine vinatofautiana..." Mlinzi akaonyesha lile agizo, lilikuwa limebandikwa hapo pia. "Ni maneno yako mwenyewe, Mungu akulaze mahali pema."

Nchi haikai bila Waziri. Naibu wake aliapishwa mchana huo huo, na katika hotuba yake alisema kwamba marehemu, aliyekaa pale mstari wa nyuma, alikuwa mchapakazi na pengo lake halitazibika. Serikali ikamwomba imamu wetu amsomee marehemu hitma. Imamu akakataa katakata. Alisema hasomi hitma ya mtu anayepiga chafya.

Marehemu akauliza afanye nini ili arudishwe hai. Akaambiwa ni jambo jepesi, utaratibu aliuweka yeye mwenyewe ili kuzuia udanganyifu: ombi la kurudishwa mtu hai linasemwa na mjane wake, kwa mdomo, mbele ya afisa.

Akakimbilia Vizingitini. Nilikuwa dirishani.

"Zaituni!" aliita kwenye pazia. "Zaituni, sema neno moja tu! Sema mume wangu yu hai!"

Kanga haikutikisika. Mjane wa kwenye makumbusho hasemi.

"Basi utasema lini?" akalia. "Jioni? Ukimaliza eda?"

"Humu ndani hakuna mwezi," Bwana Pandu akamkumbusha. Kisha akamgusa bega kwa adabu. "Marehemu, sogea kidogo. Wageni wanapiga picha, na siku ile wewe hukuwepo."

Wapo wanaosema Bi Zaituni angeweza kusema adhuhuri, kishikwambi kikizimika. Mimi sijui. Adhuhuri huwa yumo kwenye gari lake, anakwenda kwenye semina.

*

Siku ya arobaini ya mjukuu tulijaa kwa Mwanaidi, Gongoni. Bi Mwanamkasi alikuwa amekaa na mtoto mapajani, amejitia wanja, amependeza mpaka nikamwambia aache. Mzee Jecha alikuwepo na kofia yake. Katikati ya shughuli akaingia mtu amekonda, suti imemlegea, goti linamsumbua. Mshahara wa marehemu hulipwa mjane.

"Bi Mwanamkasi," akasema, na safari hii hakuwa na kipaza sauti. "Nakuomba. Rudi mkekani asubuhi moja tu, Zaituni apate kutoka aniombee. Asubuhi moja. Wewe unajua kukaa."

Bi Mwanamkasi alimtazama, akamweka mtoto vizuri shingo isipinde.

"Eda ya Mwenyezi Mungu nimemaliza, baba," alisema. "Iliyobaki ni ya Wizara."

Kisha, kwa kuwa ni mtu wa dini, akaagiza apewe sahani ya pilau. Akala yote, akaomba na ukoko.

Mimi naamini serikali yetu haimsahau mtu aliyeitumikia. Wizara imemjengea ukumbi wake ndani ya Makumbusho Yasiyoguswa, amesimama anahutubia na nishani yake shingoni, na huko nishani inaonekana vizuri sana. Mwenyezi Mungu amrehemu. Jana nilimwona sokoni anachagua nyanya.